Mbwa wa Shamba na Mbwa Koko: Habari za Ulinzi wa Mbwa wa Wakulima katika Pwani ya Moa

Katika mwaka wa 1154 mwanachuoni al-Idrisi, aliyekuwa akiandika kitabu chake cha jiografia kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sisilia, aliutaja mji wa Mombasa kwa maneno machache. Alisema kwamba ni mji mdogo, kwamba wenyeji wake huchimba chuma na kuwinda wanyama wakali, na kwamba wanao mbwa wekundu wawezao kupambana na kila mnyama wa mwitu, hata simba. Al-Idrisi mwenyewe hakupata kufika pwani hii. Alikusanya habari kwa mabaharia na wasafiri, na kwa hiyo yafaa maneno yake yapokewe kwa hadhari. Mbwa kupambana na simba ni jambo la kusimuliwa barazani. Lakini hata baada ya kuondoa chumvi ya wasimulizi, habari hii yabaki na thamani, kwa kuwa ni miongoni mwa habari za kale kabisa zilizoandikwa juu ya mbwa wa upande huu wa dunia, na ndani yake mbwa hatajwi kuwa mnyama wa kuzurura majalalani. Atajwa pamoja na chuma na uwindaji, yaani pamoja na kazi za watu.

Moa iko kusini mwa Mombasa, upande wa pili wa mpaka. Msafiri anayeshuka pwani kwa pwani hupita Gazi na Vanga, huvuka mpaka wa Kenya na Tanzania, hufika Jasini, kisha Moa, ambayo leo ni kata katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Wenyeji wake wengi ni Wadigo na Wasegeju, Waislamu, wavuvi na wakulima kwa pamoja. Mbele yao ni mikoko na bahari. Nyuma yao ni minazi, mihogo, mahindi, na mpunga mahali penye majimaji. Na nyuma ya mashamba ni vichaka viendeleavyo kuelekea milima ya Usambara. Katika vichaka hivyo wamo maadui wa mkulima: nguruwe mwitu wajao usiku, na nyani, kima na tumbili wajao mchana. Kundi moja la nguruwe likiingia katika shamba la mihogo laweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya miezi, kwa kuwa nguruwe hali akashiba akaenda zake. Hufukua, huonja, huacha, kisha hufukua tena. Mkulima asiye na bunduki wala ukuta ana ulinzi wa aina tatu tu: macho yake mwenyewe juu ya dungu, mitego, na mbwa.

Mbwa huyo hafungwi. Jambo hili ndilo linalomshangaza mgeni, naye hulichukua kuwa ni dalili ya uzembe. Kwa hakika ni sharti la kazi yenyewe. Nguruwe haji kwa njia moja. Huzunguka shamba lote akitafuta mahali pasipo na harufu ya mtu, na mbwa aliyefungwa kwenye nguzo ya kibanda ataweza kubweka tu, wala si zaidi. Nguruwe huzoea mbweko kama vile watu wa mjini wazoeavyo kelele za magari. Mbwa wa shamba apaswa kuwa huru ili akimbie, arudi, azunguke, alale mchana chini ya mwembe na aamke jua litakapokuchwa. Basi ulinzi wa mbwa wa aina hii ni tatizo lisilo jepesi tangu mwanzo: ile hali inayomfanya awe na faida ndiyo hiyo hiyo imtiayo hatarini. Aliyefunguliwa ili amkabili nguruwe amefunguliwa pia mbele ya chui, ya mtego wa jirani, ya sumu, ya mbwa mwenye kichaa, na ya bunduki ya serikali.

Yafaa kueleza kwanza jinsi dini ilivyoliweka jambo hili, maana mara nyingi husemwa kwamba Mwislamu wa pwani hafugi mbwa, na kwamba mbwa wote waonekanao katika vijiji vya pwani ni wa wageni au hawana wenyewe. Usemi huu si sahihi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini hadithi mashuhuri isemayo kwamba afugaye mbwa hupungukiwa thawabu kila siku imewatoa waziwazi mbwa wa namna tatu: wa kuwinda, wa kulinda mifugo, na wa kulinda shamba. Na katika Sura ya Al-Maida imehalalishwa nyama ya mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa. Basi mbwa wa shamba wa Moa hakuingia kwa mlango wa nyuma. Ana nafasi yake katika sheria, ila nafasi hiyo iko nje ya nyumba. Hulala katika kibanda cha shamba au chini ya dungu, hupewa chakula katika kigae chake mwenyewe, na hafuati watu msikitini. Kwa kuwa wenyeji hawali nguruwe, nguruwe aliyeuawa shambani huwa chakula cha mbwa, na huo ndio mshahara wake mkubwa.

Kwa njia hii yatokea kwamba mwenye mbwa mara nyingi hamtaji kuwa ni wake. Husema "mbwa wa shamba", wala hasemi "mbwa wangu". Tofauti ya maneno haya yaonekana kuwa ndogo, lakini imewagharimu mbwa wengi maisha yao, kwa sababu ofisa anayeuliza, "Mbwa huyu ni wa nani?" akijibiwa, "Ni wa shamba," huandika kwamba hana mwenyewe.

Hapa lugha yastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Neno mbwa ni la kale sana katika Kiswahili na lina jamaa zake katika lugha nyingi za Kibantu. Shina lake ni silabi moja tu, na vitabu vya karne ya 19 huliandika pia umbwa, kama kwamba ulimi ulitafuta silabi ya kuegemea. Katika ukubwa husemwa jibwa, katika udogo kijibwa, na maneno yote mawili yaweza kuwa ya kusifu au ya kudharau kwa kadiri ya sauti ya msemaji. Lakini neno lenye historia nzito ni lile liongezwalo nyuma yake: mbwa koko. Kamusi za zamani hulieleza neno koko kuwa ni kichaka au msitu mdogo, na huenda lina udugu na mikoko ya ufukoni. Mbwa koko, basi, kwa asili ni mbwa wa kichakani tu. Neno hili lilitaja mahali, halikutaja tabia wala hali ya kukosa mwenyewe. Baadaye maana yake iligeuka. Katika Kiswahili cha leo mbwa koko ni mbwa asiye na bwana, mchafu, mwizi, mwenye magonjwa. Na mtu akiitwa hivyo ametukanwa sana.

Si vigumu kuona mageuzi hayo yalivyotokea. Mwenye kutaja kichaka ni mtu asiyekaa kichakani. Kwa macho ya mjini, shamba la mihogo lililo mwendo wa saa mbili kutoka barabarani ni koko, na mbwa alindaye shamba hilo ni mbwa wa koko. Mtu akihama kutoka "yuko kichakani" hadi "hana mwenyewe" amepiga hatua moja tu, tena hatua ambayo hakuiona. Hivyo mnyama ambaye kwa sheria ya dini na kwa desturi ya wakulima alikuwa na kazi na mahali pake, kwa neno moja la mjini akawa mzururaji. Kinyume cha hayo kipo katika methali. Isemwapo kwamba mbwa wa msasi mkali huwa mkali pia, mbwa hajulikani kwa mahali alalapo bali kwa mtu afanyaye naye kazi.

Jinsi wakulima walivyowalinda mbwa wao zamani haikuandikwa kwa urefu na mtu yeyote, lakini hatari zenyewe zajulikana vizuri, na nyingine zingalipo. Ya kwanza ni chui, ambaye hupenda nyama ya mbwa kuliko ya mbuzi, na huja usiku kimya mpaka karibu ya nyumba. Dawa yake ilikuwa moto uwakao usiku kucha chini ya dungu, na mbwa kuwa wawili au watatu pamoja. Ya pili ni nguruwe dume mwenyewe, ambaye meno yake hupasua tumbo la mbwa kama kisu. Kwa hiyo mbwa mchanga hakutangulizwa peke yake, alifuatana na mkubwa mwenye ujuzi mpaka ajue kubweka kwa mbali na kumzuia mnyama mpaka watu wafike na mikuki. Ya tatu ni mitego. Rima lililochimbwa kwa ajili ya nguruwe halichagui, na kitanzi cha waya cha siku hizi ni kibaya zaidi kuliko kamba ya zamani, kwa kuwa mbwa aweza kuitafuna kamba lakini waya hawezi. Mahali ambapo majirani hupeana habari za mitego yao, mbwa huishi. Mahali ambapo mitego ni ya siri, kwa kuwa uwindaji wenyewe umekatazwa, mbwa hufa kimya na mwenyewe hana mahali pa kwenda kushitaki.

Hatari ya nne haikuonekana kwa macho mpaka mwisho wa karne ya 19. Mbung'o wa vichaka vya pwani hueneza ugonjwa uitwao nagana, uuao ng'ombe, farasi na mbwa. Mwaka 1895 daktari David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, alikitambua kijidudu chake katika damu, na mbwa walikuwa miongoni mwa wanyama aliowatumia katika majaribio yake. Robert Koch aliuchunguza ugonjwa wa mbung'o katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani miaka ya 1897 na 1898. Mbwa aliyeshikwa hukonda, hupata homa, na mara nyingi macho yake huingia ukungu mweupe mpaka asione. Mbwa wa Kizungu walioletwa na wawindaji walikufa upesi. Mbwa wa kienyeji nao walikufa, lakini si wote, na kwa vizazi vingi waliosalia ndio waliozaa. Wale wekundu wembamba waonekanao leo kando ya njia za Mkinga, ambao mgeni huwaona kuwa duni kwa sababu hawafanani na picha za vitabuni, ni wazao wa waliosalia.

Katika mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka unaoanza kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, na Moa ikajikuta upande wa Ujerumani, kilomita chache tu kutoka kwenye mstari. Mwezi wa Januari 1915 vita vikali vilipiganwa Jasini, penye shamba la mkonge. Vita vilipita, mkonge ulibaki. Zao hili, lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyofika hai kutoka Florida, lilienea Tanga nzima, likafyeka vichaka na kuwaondoa nguruwe mahali pengi. Lakini bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, na hasa baada ya kamba za naironi kushika soko, mashamba mengi yaliachwa. Mkonge ulioachwa ukichanganyika na miiba ni maficho mazuri kwa nguruwe kuliko hata kichaka cha asili, na yaliyokuwa mashamba ya mabwana yakawa maskani ya nguruwe.

Kisha ukaja wakati wa vijiji. Mwezi wa Novemba 1973 iliamuliwa kwamba kufikia mwaka 1976 watu wote wa mashambani katika Tanzania Bara wawe wanakaa katika vijiji. Sera hiyo ilikuwa na makusudio yake ya shule, maji na zahanati, ambayo si ya kujadiliwa hapa. Kwa mbwa ilikuwa na maana moja: mkulima aliyehamishiwa kijijini alikaa mbali na shamba lake, na mbwa ama alikwenda naye kijijini, akaliacha shamba, ama alibaki shambani peke yake, akaonana na mwenyewe mara chache. Mwenye kubaki ndiye aliyekuwa koko kweli kweli, tena kwa amri.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa, nayo ndiyo iliyobadili uhusiano wa mbwa na serikali. Jina lenyewe lampa mbwa lawama yote, ijapokuwa ugonjwa huu huwapata pia mbweha, fisi, ng'ombe, punda na mtu. Lawama hiyo hata hivyo ina msingi: katika watu wafao kwa ugonjwa huu ulimwenguni, karibu wote huwa wameumwa na mbwa. Virusi huingia kwa mate ya mbwa kwenye jeraha, hupanda polepole katika mishipa ya fahamu hata kufika kwenye ubongo, na safari hiyo yaweza kuchukua majuma au miezi. Katika muda huo mtu anaweza kuokolewa. Jeraha likioshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha chanjo ikatolewa kwa taratibu yake, ugonjwa hautokei. Lakini dalili zikishatokea, mgonjwa akashindwa kunywa maji na kuogopa hata upepo, hakuna tiba. Watoto ndio waumwao zaidi usoni na kichwani, kwa sababu ya kimo chao, na kutoka hapo hadi ubongoni njia ni fupi. Makisio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu karibu 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, hesabu iliyo kubwa mara nyingi kuliko ile ya taarifa za hospitali, maana wengi hufia nyumbani, mashambani, bila ya kuandikwa popote.

Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, na chanjo ya mbwa ikafuata katika karne ya 20. Pamoja na hayo, dawa iliyotumiwa zaidi katika Afrika Mashariki kwa muda mrefu ilikuwa risasi na sumu. Nchini Kenya, ambako ugonjwa ulithibitishwa kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi mwaka 1912, sheria ya kichaa cha mbwa iliwapa maofisa uwezo wa kuamuru mbwa wafungwe na kuwaua waonekanao wakirandaranda katika eneo lililotangazwa. Katika mji, amri ya namna hiyo ina maana fulani. Katika shamba la mihogo haina maana, kwa sababu huko mbwa wote hurandaranda, na waliopigwa risasi kwanza ni wale waliokuwa hadharani wakifanya kazi yao.

Ubaya wa njia hiyo si ukatili peke yake. Haifanikiwi hata katika lile ililolikusudia. Mfano ulio wazi ni kisiwa cha Flores nchini Indonesia. Mwaka 1997 mbwa wachache waliletwa huko kwa mashua ya uvuvi kutoka kisiwa kingine, nao walikuwa na virusi. Serikali ikaua mbwa kwa wingi mno, karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa, na ugonjwa haukutoka. Sababu zake zaeleweka na mkulima yeyote. Mtu ambaye mbwa wake atakuja kuuawa kesho humhamisha usiku huu kwa jamaa yake wa kijiji cha pili, na kwa hivyo huusafirisha ugonjwa. Na yule ambaye mbwa wake ameuawa huleta mtoto wa mbwa mwingine msimu ujao, kwa maana nguruwe hawakuuawa. Na huyo mpya hana kinga yoyote. Kumwua mbwa aliyechanjwa ni kuiondoa chanjo pamoja naye.

Njia ya pili ilipata ushahidi wake ndani ya Tanzania yenyewe, tena kwa sababu ya ajabu kidogo. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliingia katika simba wa Serengeti na kuwaua kama theluthi moja, yaani simba karibu 1,000. Watu wa nje waliokuwa hawajapata kumfikiria mbwa wa mkulima sasa walimkumbuka, kwa kuwa simba walikuwa wamekufa kwa ugonjwa uliotoka kwake. Kuanzia mwaka 1996 Sarah Cleaveland na wenziwe walifanya majaribio ya kuchanja mbwa katika Wilaya ya Serengeti. Hawakumkamata mbwa yeyote kwa nyavu, wala hawakuuliza kwanza kama amefungwa. Walitangaza siku, wakaweka meza katikati ya kijiji, na mbwa wakaletwa wamefungwa kwa kamba za katani, mara nyingi na watoto. Kama mbwa 65 katika kila 100 walichanjwa. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa kilipungua kwa mbwa kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Watu walioumwa na mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa walipungua vilevile.

Matokeo hayo yalithibitisha jambo ambalo msamiati wa mjini ulikuwa umelificha. Kama mbwa wanaorandaranda wasingekuwa na wenyewe, nani angewaleta? Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Iringa na kuchapishwa mwaka 2012 ulitafuta hasa hesabu ya mbwa wasio na mwenyewe, ukawakuta wachache mno, kama mmoja katika mia. Waliobaki wote, waliokuwa wakionekana njiani na kuitwa koko, walikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba hizo palikuwa na mtoto ajuaye kumwita mbwa wake kwa jina akaja.

Pemba yaikabili pwani ya Moa moja kwa moja, ng'ambo ya mkondo wa bahari, na wavuvi wa pande zote mbili wajuana. Kisiwa hicho kiliingizwa mwaka 2010, pamoja na wilaya za kusini-mashariki mwa Tanzania, katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Mbwa wa Pemba ni wachache kwa hesabu, kama itazamiwavyo katika nchi ya Waislamu, na wengi wao ni wa kazi. Mwaka 2014 kichaa kilikatika kisiwani. Kampeni zikalegea, kama ilivyo desturi ya mambo yaliyofanikiwa, na mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ulionekana tena. Kuchanja kukaanzwa upya, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 kichaa kilikatika mara ya pili. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeingizwa upya kutoka nje. Mbwa haogelei mkondo wa Pemba. Aliyevuka alivushwa na chombo cha watu. Kwa hiyo usalama wa mtoto wa Wete au Konde watokana pia na mbwa wa mashamba ya bara ambao mzazi wake hakupata kuwaona.

Kilichobaki ni tatizo la umbali, na hapo pana mambo madogo yenye uzito. Kinga katika kundi la mbwa haidumu, si kwa sababu chanjo ni dhaifu bali kwa sababu mbwa wa shamba haishi miaka mingi. Kila mwaka wengi hufa na watoto wengi huzaliwa, na waliozaliwa baada ya siku ya chanjo hawana kinga. Ndiyo maana hutakiwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka, ili hata baada ya vifo na uzazi wabaki wenye kinga wa kutosha kuukata mnyororo. Kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Tanga na Horohoro kinafikika kwa gari asubuhi na kurudi jioni. Kibanda cha shamba kilicho nyuma ya vichaka hakifikiki hivyo, na mwenyewe hawezi kumwongoza mbwa mwendo wa saa mbili hadi mezani siku ya Jumatano wakati mpunga unaiva.

Zamani kizuizi kikubwa kilikuwa baridi, kwa sababu chanjo ilidhaniwa kuwa haifai kitu ikitoka kwenye barafu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba aina moja ya chanjo itumiwayo Tanzania ilibaki na nguvu yake baada ya kuwekwa miezi 6 katika joto la digrii 25, na miezi 3 katika digrii 37. Kutokana na hayo, katika Mkoa wa Mara wameunda vyombo vya udongo, chungu ndani ya chungu, vipozwavyo kwa unyevu kama mtungi wa maji ya kunywa, ili chanjo ikae kijijini kwenyewe na mtu wa kijiji aliyefunzwa aifuate mbwa popote alipo, siku yoyote ya mwaka. Pwani ya Moa ina joto na unyevu wa bahari, na mtungi hupoza vizuri zaidi mahali palipo na hewa kavu. Hili lataka kupimwa huko huko, wala si kuigwa.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 zimempa mbwa wa Tanzania haki alizokuwa hana katika maandishi, na zimempa mwenye mbwa wajibu. Lakini wajibu wataka mwenyewe ajulikane, na swali la ofisa bado ni lile lile, "Mbwa huyu ni wa nani?" Yaelekea lingejibiwa vizuri zaidi kama lingeulizwa kwa namna nyingine: shamba hili hulindwa na mbwa wangapi, na nani huwapa chakula? Mkulima wa Moa asiyetaka kusema "wangu" mbele ya watu waliotawadha hatakuwa na haya ya kujibu hayo. Atawataja mmoja mmoja, pamoja na yule aliyepasuliwa na nguruwe mwaka jana akapona, na atasema ni saa ngapi wapatikana kibandani.